Mzazi naye ana darasa lake msituni

UPEPO WA PWANI, na Salim Kombo

Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kati ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba. Katika pwani yote ya Afrika Mashariki hakuna msitu mwingine wa asili uliobaki ukiwa mkubwa hivyo kwa kipande kimoja. Kuhusu kuulinda tumeshasikia mengi: ua wa umeme, doria, faini. Hoja yangu wiki hii ni finyu zaidi, nami naiamini kwa dhati. Mafunzo ya viumbe wa msituni yatolewe kwa familia nzima, bibi, baba, mama na watoto wakiingia pamoja nyuma ya kiongozi mmoja, yasiachiwe tena wanafunzi na walimu wao peke yao.

Shule zimefanya kazi kubwa, na hilo lisemwe wazi. Klabu za wanyamapori zilianza nchini mwaka 1968, na vizazi kadhaa vya Wakenya viliona ndovu kwa mara ya kwanza kwa sababu ya klabu hizo. Lakini mtoto wa darasa la tano hanunui mkaa. Hachagui kitanda kichongwe kwa mti gani, wala haulizwi rai yake mtu anapotega nyaya za kunasia paa. Muhugu umepungua sana Arabuko-Sokoke kwa kuwa ubao wake hupendwa na wachongaji wa vinyago, na biashara hiyo tangu mkata mti hadi mnunuzi wa mwisho imo mikononi mwa watu wazima. Tukimfunza mtoto peke yake, tunamrudisha nyumbani na elimu asiyo na mamlaka ya kuitumia, kisha tunashangaa mbona msitu unazidi kupungua.

Msitu wa kale nao unafaa sana kwa somo la namna hii, kwa sababu mambo yake hayaeleweki kwa kupita mbio. Chukua hondohondo. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa, akaziba mlango mpaka ukabaki ufa tu, na dume humletea chakula kupitia ufa huo muda wote anapoatamia. Mti mchanga hauna tundu la kumtosha ndege huyo, kwa hiyo anayekata mti mzee wenye shimo, akidhani haufai kitu, amebomoa nyumba ambayo haitajengeka tena maishani mwake. Au mtazame sange mwenye nyonga za rangi ya dhahabu, mnyama wa urefu wa takriban sentimita 28 bila kuhesabu mkia, mwenye pua ndefu ya kuchakurua wadudu. Wengi wa sange hawa waliobaki duniani wanaishi humu. Dume na jike hulinda eneo moja ingawa mara nyingi kila mmoja hutembea kivyake, na hulala katika viota vya majani makavu walivyovijenga chini. Majani hayo, ambayo wengi wetu tungeyafagia kama taka, ndiyo ghala lao na ndiyo kitanda chao. Mtoto atauliza kwa nini hayafagiliwi. Bibi wa Kigiriama huenda anaujua mrihi na mbambakofi kwa majani, magome na matumizi yake, na kiongozi anajua ndege gani anajificha wapi. Swali hilo na maarifa hayo mawili hayakutani darasani.

Ushahidi kwamba njia hii inafaa uko papo hapo Gede. Mradi wa Kipepeo ulipoanza mwaka 1993, wengi wa waliopakana na msitu walitaka ukatwe wapate mashamba. Mradi uliwafunza kufuga vipepeo nyumbani na kuuza pupa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Mfugaji hana budi kujua kiwavi gani anakula majani gani, na kwamba mbegu ya vipepeo wake inatoka msituni. Watafiti waliorudi baadaye walikuta mtazamo wa wafugaji kuhusu msitu umebadilika. Pesa zilichangia, sikatai, lakini elimu hiyo iliingia kupitia mlango wa nyumba. Wangari Maathai naye ameeleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mti wa mugumo, miaka mingi kabla hajasomea biolojia. Na mtafiti Louise Chawla, alipowahoji watetezi wa mazingira wa Kentucky na Norway, alikuta wakitaja mambo mawili kuliko mengine: mahali pa asili walipopazoea, na mtu wa familia aliyewaongoza.

Nitaambiwa kwamba hiyo ni starehe ya wenye nafasi, kwamba mama anayeamka alfajiri kutafuta maji hana Jumamosi ya kutazama ndege. Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na ni kweli kwamba warsha ikiwa ya kulipia itajaa wageni wa Watamu na Nairobi huku walio jirani wakibaki nje ya ua. Jibu ni kuwaondolea jirani ada na kuwapa nafasi ya kwanza. Wengine watasema nyayo nyingi zitaharibu kile tunachotaka kukionyesha. Hapo nakubali nusu: vikundi viwe vidogo, vifuate njia zilizopo, na bundi mdogo wa Sokoke, ambaye mchana hujisetiri katika vichaka vya miti ya Cynometra, asimulikwe tochi wala kuitwa kwa sauti za kurekodiwa ili watu wapige picha. Ndovu ni hatari ya kweli, ndiyo maana mtu asiingie bila kiongozi. Na kuhusu misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, nisieleweke vibaya. Ile ina wazee wake na miiko yake, na haifai kugeuzwa uwanja wa warsha.

Mtaala wa umilisi umeandika kwamba mzazi ashirikishwe katika elimu ya mwanawe. Hadi sasa wazazi wengi wanalalamika kwamba kushirikishwa huko kumekuwa kutafuta vifaa usiku na kulipia chapa. Serikali ya Kaunti ya Kilifi, wasimamizi wa msitu na shule zilizo jirani wangeweza kuanza likizo ya Agosti: kijiji kimoja kimoja, familia chache kwa kila Jumamosi, usafiri umelipwa. Na mzee wa kijiji anayefundisha majina na matumizi ya miti alipwe posho sawa na mtaalamu wa ndege anayetembea naye.