Unajenga? Kabla ya msingi, amua maji yatakaa wapi

Jumamosi asubuhi, baba yuko kiwanjani anahesabu mifuko ya saruji. Mama anaongea na fundi kuhusu bei ya mchanga. Watoto wanakimbizana kati ya rundo la kokoto na tofali. Hakuna anayeangalia shimo lililochimbwa nyuma ya kiwanja, likatandikwa turubai na kujazwa maji ya boza jana jioni.

Familia nyingi zinazojenga pembezoni mwa Dar es Salaam zinaijua picha hii. Nyumba inajengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, na siku ya kukagua ujenzi inageuka kuwa matembezi ya familia. Kwenye bajeti kuna nondo, mabati na hela ya fundi. Maji, umeme na choo cha wakati wa ujenzi anaachiwa fundi, “atajua mwenyewe.” Naye anafanya lililo rahisi: anachimba shimo.

Maji hayakwepeki. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unahitaji karibu lita 25 za maji kwenye zege, yaani zaidi ya dumu moja. Zege likishamwagwa, linatakiwa kumwagiliwa kwa siku saba au zaidi ili likomae vizuri. Lazima maji yahifadhiwe. Cha kuamua ni mahali pa kuyahifadhi.

Shimo la turubai linateleza pande zote. Mtoto akitumbukia hana pa kushika. Tena watoto wadogo mara nyingi huzama kimya kimya, bila mayowe, ndani ya dakika chache, hata kwenye pipa au ndoo. Shirika la Afya Duniani linawataja watoto wa mwaka mmoja hadi minne kuwa ndio wenye viwango vya juu zaidi vya kufa maji. Na si wako tu. Siku za wiki wewe ukiwa kazini, watoto wa jirani na wa mlinzi wako hapo hapo.

Nunua tangi mapema

Tangi utalihitaji utakapohamia, kwa hiyo kulinunua sasa si hasara. Liweke mahali tambarare, lifungwe mfuniko na maji yatoke kwa koki. Kama hela haijafika, tumia mapipa yenye mifuniko inayokaza.

Ikibidi kuchimba shimo, lizungushie mabati au mbao kabla halijajazwa, na mlango wake uwe na kufuli. Andikeni kwenye makubaliano kwamba litafukiwa kazi ya zege ikiisha, na sehemu ya malipo ya mwisho isubiri hadi lifukiwe. “Tutafukia baadaye” ndiyo huacha shimo wazi hadi mvua zinazofuata.

Kuna mbu pia. Kwenye joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Mbu anayeeneza dengue hupenda maji yaliyotuama kwenye mapipa na matangi, na Dar es Salaam ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Funika kila chombo. Pipa lisilo na mfuniko limwagwe na kusuguliwa kila wiki.

Ya kunywa yawe mbali na ya zege

Tenga dumu la maji ya kunywa kwa mafundi na mlinzi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Dumu lililowahi kubeba rangi au kemikali lisitumike, hata likioshwa. Choo cha muda kijengwe kabla ya msingi. Kama kuna kisima karibu, shimo la choo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka hapo. Saruji mbichi nayo huunguza ngozi, hivyo mtoto aliyeichezea aoshwe mara moja kwa maji mengi safi.

Umeme wa jirani

Waya unaopita juu ya ukuta, umeungwa kwa selotepu na kulala kwenye tope, ni hatari kwa kila anayepita. Umeme wa muda uungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, uwe na swichi ya kuuzima wote kwa pamoja, na waya zipite juu, mbali na maji. Kazi ikiisha kila jioni, uzimwe. Jenereta likae nje kabisa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kumuua mlinzi akiwa usingizini ndani ya stoo.

Kwa watoto, sheria ni moja: mkifika kiwanjani, mtu mzima mmoja hana kazi nyingine ila kuwaangalia. Asihesabu tofali, asijibu simu ya muuza kokoto. Kama hayupo wa kufanya hivyo, wabaki nyumbani.

Jumamosi ijayo, saruji itasubiri. Kabla ya kuhesabu mifuko, zunguka kwanza nyuma ya kiwanja.