Kabla hujaacha kazi ya kampuni kubwa

Dada zetu waliokaa miaka 10 na zaidi kwenye kampuni kubwa siku hizi wanaitwa na kampuni changa: mshahara mdogo, ahadi ya hisa. Hatuwakatazi, Bi Khadija (r.a.) naye alikuwa mfanyabiashara. Tunasema tu, ahadi ya mdomo haitoshi. Suratul Baqara, aya ya 282, inatufundisha kuandikiana madeni. Basi na hisa ziandikwe, mshahara ujulikane, michango ya ZSSF na likizo ya uzazi viwemo kwenye mkataba. Nawe bibi harusi, mahari ni yako. Usiyatie kwenye kampuni ya mtu kwa kuona haya. Anayekutakia kheri hatakasirika ukimwambia, "Tuandikiane kwanza."