Injini Nyingine, Taimingi Nyingine

Katika miji kama Shinyanga, Kahama na Geita pikapu kuukuu haitupwi kwa sababu injini yake imekufa. Hutafutwa injini nyingine iliyotumika, pengine ya gari la aina nyingine kabisa, ikafungwa mahali pa ile ya zamani, na gari likarudi kazini kubeba mawe ya dhahabu kwenda kwenye karasha au magunia ya mpunga kwenda sokoni. Ni uamuzi wa busara. Taabu huanza pale gari linapotoka gereji likikohoa, likakosa nguvu mlimani na kuchemsha maji. Hapo hununuliwa plagi mpya, kisha kabureta, kisha rejeta, na fedha ya sare za watoto huishia kwenye duka la vipuri hali kila kilichonunuliwa hakikuwa na kosa.

Kabla ya kununua chochote, mwombe fundi wako atazame taimingi, yaani wakati ambao cheche ya plagi inaruka. Petroli huchukua muda kuungua, kwa hiyo cheche hutakiwa iruke kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa. Ikichelewa, moto huendelea kuwaka wakati vali ya kutolea moshi inafunguka: ekzosi huiva, maji huchemka, mafuta huisha upesi. Ikiwahi mno, injini hugonga kama mawe ndani ya debe inapobeba mzigo, na kugonga huko hatimaye hutoboa pistoni. Kwa wenye Land Rover za kale zinazowashwa kwa hendeli, cheche inayowahi hurudisha hendeli nyuma kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono.

Kosa la kwanza la gereji zetu ni kutumia vipimo vya injini iliyotolewa. Kipimo hufuata injini, hakifuati bodi ya gari. La pili hutokana na desturi ya injini yenyewe: krankshafti huzunguka mara mbili ili distributa izunguke mara moja. Maana yake ni kwamba pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili, na alama ya kwenye puli husimama mahali palepale mara zote mbili, lakini ni mara moja tu ndipo cheche inapohitajiwa. Aliyefunga distributa kwa kufuata ile nyingine atapata injini inayopiga mlio ndani ya kabureta na kukataa kuwaka katakata. Dawa yake haina gharama. Plagi ya silinda ya kwanza ifunguliwe, kidole kizibe tundu, injini izungushwe polepole kwa spana. Upepo ukisukuma kidole, huo ndio mzunguko unaotakiwa. Kisha zifuatwe nyaya, ambazo katika injini nyingi za silinda nne hupangwa 1-3-4-2, kwa kufuata upande ambao rota inazunguka.

Hata alama ya puli si ya kuaminiwa upofu. Puli nyingi zina mpira katikati, na mpira ukizeeka duara la nje huteleza, likaenda na alama yake. Fundi mwangalifu huhakikisha kwa kupima pistoni yenyewe kupitia tundu la plagi. Katika distributa za pointi, nafasi ya pointi ipimwe kwanza, kwa kuwa kuibadilisha baadaye kunahamisha taimingi. Injini nyingi za Toyota zenye distributa na kompyuta hudai jambo jingine: matundu ya TE1 na E1 yaunganishwe kwa waya kwanza, taa ya taimingi isomwe, mara nyingi nyuzi 10, ndipo waya utolewe. Asiyefanya hivyo anashindana na kompyuta.

Kuna jambo la kwetu pia. Shinyanga iko yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja katika kumi kuliko ya Dar es Salaam. Injini huku huvumilia cheche inayowahi kidogo, na mafundi hulijua hilo kwa masikio. Lakini gari lililowekwa hivyo, likishuka Pwani na mzigo, litaanza kugonga.

Wenye injini za dizeli za silinda moja zinazozungusha karasha hawana plagi wala distributa. Kwao taimingi ni ya pampu, na katika nyingi hurekebishwa kwa gasketi nyembamba zilizo chini yake: kuongeza huchelewesha, kupunguza huwahisha. Anayeihamisha pampu kutoka injini moja hadi nyingine asizitupe gasketi hizo kama takataka.

Gari likishatulia, namba ya injini mpya haitalingana tena na kadi ya gari. Badiliko hilo lipelekwe Mamlaka ya Mapato pamoja na risiti ya injini. Risiti hiyo idaiwe kwa muuzaji siku ileile ya kununua.