Kamba wa Ziwa na Wenye Ziwa

Huenda msomaji akacheka akiona ukurasa huu, uliozoea kuzungumza juu ya mishahara na bei ya pamba, leo ukizungumza juu ya kamba asiyefikia urefu wa kidole cha mwisho. Na acheke; walakini asome mpaka mwisho, kwa maana ndani ya habari hii imo mali, na imo hasara.

Katika Ulaya, Japani na Marekani wako watu wengi ambao wakitoka kazini hushughulika na kufuga kamba wa maji baridi katika matangi ya kioo. Hawawali. Huwatazama tu wakichokora ukoga juu ya mawe, na hulipa fedha nyingi kwa aina iliyo ngeni. Katika Japani, mfugaji mmoja, Hisayasu Suzuki, aliona miongoni mwa kamba wake wa mistari myeusi na myeupe mmoja aliyezaliwa na wekundu mahali pa weusi. Akamtenga, akaendelea kuchagua wekundu katika uzao wake kizazi baada ya kizazi. Hiyo ilikuwa miaka ya 1990, na leo kamba huyo anauzwa duniani kote.

Habari itupasayo zaidi ni ya ziwa Matano, katika kisiwa cha Sulawesi, nchi ya Indonesia, ambalo kina chake ni meta 590 hivi. Mwaka 2009 Kristina von Rintelen wa makumbusho ya Berlin, pamoja na Yixiong Cai wa Singapore, waliandika habari za aina nane mpya za kamba wa maziwa ya kale ya kisiwa hicho. Mmoja wao, mwenye rangi ya damu ya mzee na madoadoa meupe, aliitwa Caridina dennerli. Jina hilo si la ziwa wala la wenyeji wake. Ni la Dennerle, kampuni ya Kijerumani ya vifaa vya matangi, iliyosaidia kugharimia safari ya kuwatafuta.

Wafugaji wa Ulaya walifaulu kumzalisha. Walijifunza kumpa maji ya moto wa digrii 27 au zaidi kidogo, yenye magadi kiasi, na mawe yaliyoota ukoga. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, machache lakini makubwa, na watoto huanguliwa wakiwa na umbo la wazazi wao, wala hawahitaji kupitia maji ya chumvi kama watoto wa kamba wengine wengi.

Na kwao je? Shirika la IUCN limemwandika katika daraja la hatari kuu kabisa, likaongeza kwamba pengine hayumo tena ziwani. Kando ya ziwa uko mgodi wa nikeli. Tena watu walimwaga humo samaki mgeni aitwaye flowerhorn, samaki wa mapambo aliyetengenezwa Malaysia kwa kuchanganya mbegu, naye hula kila kiumbe kidogo akipatacho. Tuwe wa haki: mfugaji wa Ulaya hakumwua kamba huyu, kama si yeye, huenda leo tungemwona katika chupa za dawa tu. Lakini mtoto wa kijiji cha Matano akitaka kumwona mnyama wa ziwa lake akiwa hai, yafaa apande ndege.

Sasa tutazame kwetu. Ziwa Tanganyika, ambalo twashiriki na Kongo, Burundi na Zambia, lina zaidi ya aina kumi za kamba wadogo wasiopatikana penginepo. Mskoti W. T. Calman alikwisha kuandika habari za baadhi yao mwaka 1899, na mmojawapo ana jina la ziwa letu, Limnocaridina tanganyikae. Mchana wako aina wanaojificha vilindini, usiku hupanda juu, na mgebuka huwala. Wavuvi wa Kigoma huondoka na taa zao kumtafuta huyo mgebuka, lakini ni wangapi wamepata kuambiwa kwamba chakula chake ni mali peke yake?

Kwa sababu hiyo hatutaki kamba wa ziwani wavuliwe kwa mafungu na kutiwa katika ndege. Twataka wachache wachukuliwe, hasa wale wa mawe ya ufukoni, wajaribiwe katika mabirika kando ya ziwa, na watakaouzwa wawe wale waliozaliwa humo. Hatusemi kila aina itakubali. Wa vilindini huenda wakafa siku ya kwanza. Kituo cha TAFIRI kiko Kigoma, na wavuvi wanaolijua ziwa wako hapo hapo. Ushirika wao uwe na fungu katika kila kamba auzwaye, wala wasifanywe wabeba ndoo wa mgeni. Mkataba wa Nagoya wa 2010, ulioanza kutumika 2014, umeweka kanuni ya kugawana faida ya viumbe vya namna hii. Kadhalika, kamba au samaki wa kutoka nje asitiwe ziwani kwa sababu yoyote.

Mabirika machache ya saruji, pampu, na vijana wawili waliofundishwa: gharama yake sidhani yafikia gari moja la afisa. Tunangoja wizara inayohusika itujibu, na ikijibu tutachapa jibu lake katika ukurasa huu huu.