Kunde humsaidia mkulima wa muhogo kusubiri bei

Mkulima wa Kurui, wilayani Kisarawe, anayepanda muhogo peke yake husubiri miezi tisa hadi kumi na miwili kabla ya kuuza. Katika muda huo sare za shule hazisubiri, wala dawa. Matokeo yake huuza muhogo ungali mchanga shambani, kwa bei anayoipanga mnunuzi mwenye fedha mkononi.

Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya kuchanganya mazao, na ni ajabu kwamba mjadala wake mara nyingi huishia kwenye rutuba tu.

Muhogo hukua polepole mwanzoni. Ukipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ardhi kati ya mistari hubaki wazi kwa miezi mitatu hivi, ikilisha magugu. Kunde za muda mfupi hukomaa kwa siku 60 hadi 75, yaani huvunwa kabla muhogo haujafunga kivuli. Majani yake huuzwa kama mboga mapema zaidi, na soko la Dar es Salaam haliko mbali. Zikitambaa hufunika udongo na kupunguza palizi. Anayelipa vibarua anajua uzito wa jambo hilo.

Rutuba nayo ipo, ingawa si muujiza. Bakteria katika vinundu vya mizizi ya kunde hunasa naitrojeni ya hewani, lakini sehemu kubwa huondoka na punje. Anayeng'oa mashina na kuyachoma asiulaumu udongo wa kichanga.

Mbaazi si sawa na kunde. Hurefuka, hukaa shambani muda mrefu na kugombea mwanga na muhogo. Soko lake pia huyumba: Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu, iliweka kikomo cha tani inazoagiza na bei nchini ikaporomoka. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2021, baada ya waliopanda mbaazi tupu kuumia.

Wapo wanaosisitiza zao moja kwa kuwa muhogo wa ekari huonekana mwingi zaidi. Hesabu hiyo haijakamilika. Tuseme muhogo umepungua kwa sehemu moja ya kumi, na kunde zimetoa theluthi ya ambayo zingetoa zikiwa peke yake. Ekari hiyo imefanya kazi ya ekari moja na robo hivi. Afisa ugani anayepima mavuno, na taasisi inayomkopesha mkulima, wahesabu yote mawili.