Ubaguzi Usirudi kwa Sura ya Ada

Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimewakutanisha wasomi na wananchi katika Ukumbi wa Nkrumah kujadili ukombozi wa Mwafrika. Kazi hiyo ni njema, lakini mizani yake ipo Mwananyamala.

Wakoloni wa Kiingereza waliugawa mji huu kwa rangi: Oyster Bay kwa Wazungu, katikati ya mji kwa Wahindi, Kariakoo kwa Waafrika. Shule nazo zilitengwa vivyo hivyo, mpaka Tanganyika huru ilipoziunganisha mwaka 1962.

Leo hakuna sheria inayombagua mtoto kwa rangi yake. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne. Hata hivyo, watoto wa mtaa mmoja huachana alfajiri: mmoja hupanda basi la shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, mwenzake hutembea kwenda shule ya umma inayofundisha kwa Kiswahili. Watakapofika kidato cha kwanza, wote watafundishwa kwa Kiingereza. Mmoja ameandaliwa, mwenzake ametupwa majini ajifunze kuogelea.

Hapo kinachotenga si ngozi bali ni fedha. Mtumishi apangaye mambo ya shule za umma, ilhali mwanawe asoma kwingine, hana budi kujiuliza anampangia nani. Makongamano na yashuke kutoka Mlimani, yakasikilize Mwananyamala.