Wakili wa Maskini Naye Awe na Ofisi

Wanachama wenzetu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, leo twataka kusema juu ya rufani.

Mzee mmoja wa tawi letu, mkulima wa mpunga, mwanawe alihukumiwa kifungo. Mzee akauza magunia yake, akapanda basi hadi Morogoro kutafuta wakili. Bei aliyotajiwa ilimrudisha nyumbani. Na siku zilikuwa zikienda. Sheria yataka mfungwa atoe taarifa ya kukata rufani katika siku 10, na sababu zake azilete katika siku 45. Kijana akaziandika mwenyewe gerezani, sababu ambazo mwanasheria angezicheka. Sisi hatukucheka, maana hata sisi tuliosomea ualimu tungeandika vivyo hivyo.

Katiba yetu, ibara ya 13, yampa kila mtu haki ya kukata rufani. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, iliyoshika nafasi ya ile ya mwaka 1969, yampa jaji au hakimu uwezo wa kumpatia maskini wakili, hata katika rufani. Vizuri. Lakini wakili huyo ni wa kuazima. Ana ofisi yake na wateja wake wanaolipa. Kesi ya maskini humjia kwa malipo ya kesi moja moja. Nani atamlaumu akilifungua jalada asubuhi ya kesi?

Tazameni upande wa pili. Mwaka 2018 Serikali iliwapanga upya mawakili wake: Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake, na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ikaundwa. Wale wana mshahara, cheo na pensheni. Hatuwaonei wivu, kazi yao ni ya taifa. Twauliza tu: anayemtetea mkulima wa Mlimba, yeye afanya kazi ya nani?

Twataka mawakili wa rufani walioajiriwa, mshahara wao ulingane na wa wenzao wa mashtaka, wala wasiwe chini ya ofisi hiyo. Nao wafike magerezani kabla siku 10 hazijaisha. Tutaambiwa fedha hakuna. Mbona kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, ilipatiwa fedha? Twaishukuru, ila kampeni hupita na mfungwa hubaki.

Matawi ya Mang'ula, Mlimba na Malinyi yatuandikie ni wafungwa wangapi wa kwao waliopitwa na siku. Orodha hiyo tutampelekea Mbunge kabla ya Bunge la bajeti.